Kipanya kisicho na waya: Bluetooth, kipokezi cha USB, au vyote viwili?

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue, uombe kipanya kisicho na waya. Muuzaji atakupangia vitano juu ya kioo cha meza, kisha ataanza kukuuliza rangi. Rangi iache kwanza. Muulize kila kimoja kinaunganishwaje, maana vingine vinakuja na kipokezi, kale kachuma kadogo kama ukucha kanakochomekwa kwenye tundu la USB, vingine vinatumia Bluetooth, na vichache vina vyote viwili. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela yao. Kipanya kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisifae kompyuta yako.

Njia zote mbili hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Tofauti ni redio, yaani kile kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi, inakaa wapi. Kwenye kipokezi, redio ni ya kipanya chenyewe na imeshaunganishwa nacho kiwandani, kwa hiyo unachomeka, unasubiri kidogo, unaanza kazi. Kwenye Bluetooth, kipanya kinategemea redio iliyomo ndani ya kompyuta yako, pamoja na programu zinazoiendesha. Kama redio hiyo haipo, au ni ya kizamani, umekwama.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani angalia mambo mawili. Je, laptopu ina tundu pana la USB lililo wazi? MacBook Air tangu 2018 hazina hata moja. Na je, ina Bluetooth? Kompyuta nyingi za mezani za ofisini hazina. Wenye laptopu za mtumba waongeze swali la tatu: inatumia Windows gani? Vipanya vingi vya sasa hutumia Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, iliyokuja na toleo la 4.0, na Windows 7 haiitambui yenyewe. Windows 8 ndiyo iliyoanza.

Baada ya hapo, mimi ninavipanga hivi.

Namba moja: chenye njia zote mbili

Kwa anayehama kati ya kompyuta ya ofisini, laptopu yake na pengine tableti, hiki ndicho cha kununua, hata kama kitakugharimu zaidi kidogo. Ofisini unachomeka kipokezi, nyumbani unabonyeza kitufe na kuhamia Bluetooth. Logitech Pebble M350 ya awali ni mfano mzuri: nyembamba, ina kipokezi ndani yake na Bluetooth pia, na haipigi kelele ukibonyeza. M720 Triathlon ni kubwa zaidi, inajaza kiganja, na inakumbuka vifaa vitatu. Juu zaidi ya hizo kuna MX Master 3S, ambayo bei yake inauma, lakini inakaa na chaji hadi siku 70 na inafanya kazi hata juu ya kioo chenye unene wa milimita 4 au zaidi.

Hapa kuna mtego. Si kila kipanya kinachokubali kipokezi huuzwa na kipokezi. Pebble 2, mdogo wake M350, huja na Bluetooth tu, na kipokezi chake unakinunua kando. MX Master 3S iliyoandikwa "for Mac" nayo haina kipokezi kwenye boksi. Jina ni lilelile, umbo ni lilelile, ndani mambo ni tofauti. Soma ubavu wa boksi, usitegemee maneno ya muuzaji.

Namba mbili: chenye kipokezi peke yake

Kama una kompyuta moja na tundu la USB lipo, usijisumbue na cha juu. Logitech M170, M185 au M220 ile isiyo na kelele zinatosha kabisa kwa barua, hesabu za Excel na kuperuzi mtandaoni. Zinatumia betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani, na kampuni inataja mwaka mzima kwa M185, miezi 18 kwa M220. Ukiweka betri za bei chee za zinki usitarajie kufika huko. Weka za alkali.

Mafundi wanavipenda vipanya hivi kwa sababu moja zaidi: vinafanya kazi hata kabla Windows haijawaka. Ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, au ukiwa unapiga Windows upya, kipokezi kinatambuliwa kama kipanya cha kawaida cha USB. Bluetooth kwa kawaida inakuwa bado imelala.

Udhaifu wa kwanza ni udogo wenyewe. Kipokezi kinaanguka, kinabaki kwenye kompyuta ya mtu, kinaondoka na vumbi la ufagio. Kwa vipanya vingi vya bei ya chini, kikipotea hicho ndio mwisho wa kipanya, maana cha kipanya kingine hakikubali hata kama vinafanana kama pacha.

Udhaifu wa pili wachache wanaujua, na wengi huishia kulaumu kipanya bure. Umechomeka diski ya nje au flashi kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lile la rangi ya bluu, na kipokezi kiko tundu la jirani. Ghafla mshale unarukaruka, unakwama, unachelewa. Ukichomoa diski, kila kitu kinarudi sawa. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012: data ikipita kwa kasi ya USB 3.0 inatoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye 2.4 GHz. Dawa ni kuhamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kukichomeka kwenye waya mfupi wa kurefusha USB ili kikae mbali na diski. Kwenye kompyuta ya mezani, kihamishe kutoka nyuma ya boksi ukilete mbele, karibu na mkono wako.

Namba tatu: Bluetooth peke yake

Namba hii inageuka kuwa ya kwanza kama unatumia MacBook, tableti, au laptopu nyembamba yenye matundu mawili tu ambayo yote yana kazi. Hakuna cha kupoteza, hakuna cha kuchomeka, na kipanya kizuri kinahama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine kwa kubonyeza kitufe cha chini.

Kero yake ni usingizi. Ukikiacha dakika kadhaa kinajizima kulinda betri, na ukikishika kinachukua sekunde moja au mbili kuamka. Mwingine haoni shida, mwingine anakereka kila mara. Kikiwa kinakatika katikati ya kazi, mara nyingi tatizo ni Windows kuzima redio ili kuokoa umeme. Fungua sehemu ya kusimamia vifaa (Device Manager), tafuta Bluetooth, uondoe tiki kwenye ruhusa ya kuizima.

Magic Mouse ya Apple iko kwenye kundi hili, na kwangu inakaa mkiani. Tundu la chaji liko tumboni, kwa hiyo ikiwa inachajiwa imelala chali na huwezi kuitumia. Mwaka 2024 walibadilisha tundu likawa la USB-C, wakaliacha palepale tumboni. Ajabu yao.

Kwa wacheza gemu mpangilio huu hauwahusu. Kipokezi cha kipanya cha gemu kinatuma taarifa mara 1000 kwa sekunde, Bluetooth kwa kawaida inazunguka kwenye 125. Chukua kipokezi bila kujiuliza.

Kuhusu usalama, mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilionyesha kwamba vipokezi vya kampuni saba, zikiwemo zenye majina makubwa, vingeweza kudanganywa na mtu aliye mbali akaandika maneno kwenye kompyuta yako kana kwamba ana kibodi. Waliuita udhaifu huo MouseJack, na Bluetooth haikuwemo. Kwa mtu wa kawaida hili halimkoseshi usingizi. Ila kama ni kompyuta ya uhasibu au ya wakala wa fedha, nunua Bluetooth au kipokezi kipya cha Logitech kiitwacho Logi Bolt, kilichotoka 2021 na ambacho ndani yake ni Bluetooth iliyofungwa vizuri. Kumbuka tu kwamba Bolt na Unifying, kipokezi cha zamani cha kampuni hiyohiyo, havipokeani.

Dukani, fungua mfuniko wa betri mwenyewe. Kipokezi huwa kimejificha humo, kwenye kijishimo pembeni ya betri, au kimebanwa kwenye boksi. Usikubali kujaribu kipanya juu ya kioo cha meza ya muuzaji. Vingi havioni kioo, na utakikataa kipanya kizima, au utaambiwa "hapa tu ndio kinasumbua" kumbe kibovu kweli. Weka karatasi chini, zungusha polepole, kisha haraka, kisha bonyeza gurudumu, maana ndilo linalokufa mapema kwenye feki. Kishike kiganjani pia. Vile vyembamba kama biskuti ni vizuri mkobani lakini kwa kazi ya kutwa nzima vinachosha kifundo, na wanaotumia mkono wa kushoto watafute chenye umbo lililo sawa pande zote.

Ukikuta cha mtumba kisicho na kipokezi kwa bei ya kutupa, kigeuze. Kikiwa na alama ndogo ya chungwa inayofanana na jua lenye miale, hicho ni cha Unifying, na kipokezi kingine cha Unifying kitakikubali. Kama alama hiyo haipo na Bluetooth hakina, mwachie muuzaji.