Kongamano la wajasiriamali hotelini: kiingilio, banda, na dakika za jukwaani zinazouzwa

Natengeneza achari ya embe na pilipili ya ukwaju hapa Ngamiani, Tanga. Wenzangu wa kazi hii wanajua jinsi WhatsApp ilivyojaa matangazo ya makongamano ya wajasiriamali: watoa mada wamekunja mikono, namba ya kulipia iko chini, na "nafasi ni chache" kwa herufi nyekundu. Nilikwenda moja, Dar, hotelini Mikocheni, Jumamosi nzima. Mwandaaji simtaji, maana wa aina yake ni wengi na hesabu zao zinafanana. Naandika kwa anayejiuliza kama hela ya kwenda huko inarudi.

Bei zilikuwa hivi. Kiingilio cha kawaida 50,000, VIP 150,000, banda 200,000. Banda lenyewe ni meza moja yenye kitambaa cheupe na viti viwili, na ukitaka umeme unaongeza 30,000. Kuna kifurushi kingine ambacho hukioni kwenye tangazo, hicho unapigiwa simu: dakika 15 jukwaani kwa 400,000, na picha yako inakaa kwenye bango. Binti aliyenipigia ana maneno matamu kweli kweli. "Mama, utaisimulia safari yako mbele ya watu mia tatu." Nikamuuliza, hao mia tatu wanakuja kununua achari, au ni wenzangu waliolipa kuja kuuza? Akasema ngoja aulize kwa wakubwa. Simu yake naingoja mpaka leo.

Nikalipia banda.

Tuanze na mazuri. Ukumbi ulikuwa safi, vipaza sauti havikukwaruza, vyoo vilikuwa na maji na sabuni siku nzima, jambo ambalo kwenye shughuli zetu si la kupuuza. Pilau ya mchana ilitosha mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni. Na vijana wa mlangoni walikuwa na adabu, wanakubebea maboksi bila kukuangalia mfukoni.

Muda sasa. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa nne kasoro, na hapo ndipo kipindi kilipoanza, kwa hiyo chai ya saa nne ikaja kabla hatujasikia chochote. Mtoa mada wa kwanza akatusimamisha wote, akatuamuru tumgeukie jirani na kumwambia "mimi ni bilionea". Jirani yangu alikuwa mama wa batiki kutoka Kigamboni. Akanitazama, nikamtazama, tukaishia kuulizana jora la kitambaa ni kiasi gani siku hizi.

Wa pili alikuja na slaidi za usajili wa vyakula, na kwenye slaidi yake mfanyabiashara bado anapelekwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Jamani, vyakula vilihamia TBS, shirika la viwango, tangu Julai 2019, na hiyo TFDA yenyewe ikageuka TMDA, wanashughulika na dawa na vifaa tiba. Mtu aliyelipa 50,000 ametoka Mkuranga na unga wake wa lishe, anaandika kwenye daftari mahali pa kwenda ambapo hapapo. Nilinyoosha mkono. Mshereheshaji akasema maswali ni mwishoni, na mwishoni muda ukawa umekwisha.

Kilichonishtua zaidi nilikijulia kwenye chai. Kati ya waliopangwa kuzungumza asubuhi, mmoja ndiye aliyelipwa, yule anayejulikana kwenye televisheni. Wengine walilipa wao, kwa kile kile kifurushi cha simu. Mtu uliyekaa pale chini huwezi kuwatofautisha, wote wameandikwa "mbobezi" kwenye bango. Mimi baadaye niligundua alama moja: aliyelipia dakika zake, dakika tano za mwisho anauza kozi. Anaanza na umaskini wa kwao, anapita kwenye mkopo wa kwanza, halafu namba ya malipo inatokea ukutani na "ofa ni ya leo tu". Simlaumu sana, naye anatafuta 400,000 yake irudi. Lakini mwandaaji anakuwa amekula pande mbili, kwa msikilizaji na kwa msemaji, na msikilizaji hakuambiwa.

Mada iliyostahili kiingilio chote ikawekwa baada ya pilau, watu nusu wamesinzia na nusu wameshaondoka. Bwana mmoja mpole, hana slaidi, ana karatasi tu mkononi, alieleza njia ya kupata alama ya ubora ya TBS hatua kwa hatua: unaanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, unaomba TBS, wakaguzi wanakuja kuona unapotengenezea, wanachukua sampuli, inapimwa maabara. Alisema wazi ukaguzi unawakwamisha watu wapi: jiko la biashara na jiko la nyumbani kuwa moja, dari lisilozibwa, dirisha lisilo na wavu. Mambo ya wavu wa dirisha! Hakuna aliyepiga makofi, lakini mimi na wa batiki tulikuwa tunaandika mpaka kalamu inachemka.

Mchana huo ndipo na mimi nikapanda jukwaani. Kijana mshereheshaji alinifuata bandani. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. "Mama, samahani sana, mtoa mada wetu wa saa tisa amekwama, tumeona una bidhaa nzuri, tunakuomba utusaidie dakika ishirini." Nikamwambia nitasaidia, je, wa saa tisa alikuwa analipwa shilingi ngapi? Akacheka, akasema hii ni nafasi ya kujitangaza. Nikamwonyesha chupa zangu mezani, nikamwambia zinajitangaza zenyewe, nami nikiondoka hapa hakuna wa kuziuza. Akaenda kuongea na mkubwa wake pembeni ya nguzo, akarudi na 50,000. Nikasema 150,000. Tukafunga kwa 100,000, nikamwambia iingie kwenye simu kabla sijashika maiki. Iliingia. Nikamwachia wa batiki banda langu, nikapanda.

Sikusimulia safari. Nilibeba chupa mbili na karatasi za kupimia asidi, nikawaonyesha rangi inavyobadilika. Niliwaambia achari yoyote inayofungwa kwenye chupa pH yake, yaani kipimo cha asidi, iwe chini ya 4.6, maana hapo vile vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya chupa iliyofungwa haviwezi kuota. Mimi nalenga chini ya 4 ili nilale usingizi. Kifuniko kikivimba usionje, tupa. Halafu nikapiga hesabu ya chupa moja ya gramu 250 kwa sauti: chupa tupu na kifuniko chake, lebo, siki, sukari, viungo, gesi, kijana wa kumenya embe, nauli ya kupeleka dukani. Embe lenyewe likawa karibu la mwisho kwa ukubwa wa gharama. Watu wakaguna, kwa sababu wengi wanapanga bei kwa kuangalia embe peke yake, halafu wanashangaa mtaji umeyeyuka.

Hapo mikono ikapanda. Chupa unanunua wapi, kwa jumla ni ngapi kwenye boksi, lebo isiyotoka ukiiweka kwenye friji inachapwa wapi, ukikosa embe za msimu unafanyaje. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilianza na shilingi ngapi. Nilipita zile dakika ishirini, na mara hii mshereheshaji hakusema maswali ni mwishoni.

Nikarudi bandani nikakuta foleni. Siku hiyo niliuza zaidi baada ya saa tisa kuliko asubuhi yote, na mwenye duka la Sinza aliyechukua boksi moja ya kujaribia anaagiza hadi leo. Kwa hiyo banda lilirudisha hela yake, ila tuseme ukweli, lilirudishwa na jukwaa ambalo sikulilipia. Aliyekuwa pembeni yangu, dada wa sabuni za mwani kutoka Unguja, alikuwa na bidhaa nzuri kuliko yangu, na alifunga virago na karibu mzigo wote. Waliopita mbele ya meza yake walikuwa wauzaji wenzake, wamempa kadi za biashara badala ya hela.

Linganisha na maonesho ya biashara ya Sabasaba. Pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13, mwananchi analipa kiingilio akiwa na nia ya kurudi nyumbani na mfuko. Ukiingia chini ya SIDO unajibana na wenzako kwenye banda moja na jua linakuchoma, lakini anayesimama mbele yako ni mnunuzi. Hata maonesho ya Jua Kali ya Afrika Mashariki, yale yanayohama nchi kwa nchi, mwaka 2021 yakiwa Mwanza na 2023 Bujumbura, ni usumbufu wa safari na karatasi za mpakani, ila ni ya kuuza na kuuziana. Hoteli ya Mikocheni ina kiyoyozi na haina wanunuzi.

Na hii ya kulipwa kuongea, kwa sababu wengi wameniuliza tangu siku ile. Hela ipo, ila haiko kwenye haya makongamano ya tiketi. Ipo kwenye mafunzo: taasisi ina mradi, imekusanya akina mama wa vikundi, inatafuta mtu wa kuwafundisha kutengeneza kitu mpaka kiishe mikononi mwao. Pale unaitwa mwezeshaji, unapewa posho na nauli, na malighafi ni ya mwenye mradi. Benki nazo huita wateja wao kuzungumza, hasa kuelekea Machi 8, siku ya wanawake, na wengi wanazungumza bure, wanaishia kupewa kanga. Taja bei yako mapema, hela wanayo. Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, useme dakika ngapi, nauli ya nani, malazi ya nani. Ukilipwa na kampuni, wakakata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio, hujaibiwa, ila dai cheti chake, kitakufaa TRA. Mimi ile 100,000 yangu ilikuja kwa simu kavu kavu, hakuna karatasi, na siku nyingine nitaitaka karatasi.

Kama unakwenda, nenda kwa kiingilio cha kawaida, ukae upande wa mlango unaotokea kwenye chakula ili uongee na watu, na ubaki mpaka baada ya pilau. Banda chukua kama bidhaa yako inanunuliwa na wauzaji wenzako: vifungashio, lebo, mashine za kufunga mifuko. Wa mashine siku ile alikuwa anacheka peke yake. Kifurushi cha 400,000 kiache, hata ukibembelezwa. Na VIP ni pilau ile ile na chai ile ile, mnatofautishwa na riboni nyuma ya kiti.