Riviu: Likizo ya kodi ya mafuta Georgia, nimeitumia miezi kumi, nyota mbili na nusu

Watu wanariviu simu, majiko, migahawa, mimi leo nariviu punguzo la serikali, na usicheke, maana nimelitumia kama bidhaa yoyote ile, kila siku, kwa hela yangu. Nabeba abiria kwa app hapa Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, Camry ya 2014, wiki ya kawaida napiga kama maili 1,000, kwa hiyo bei ya wese kwangu sio habari ya kwenye tivii, ndo mshahara wenyewe.

(Huku wanaita gesi. Nimempigia mama nikamwambia gesi imepanda akaniuliza mtungi mdogo au mkubwa. Hapa nasema mafuta tuelewane.)

Bidhaa yenyewe iko hivi. Machi 2022 bei ilikuwa imechachamaa baada ya Urusi kuingia Ukraine, gavana wetu Brian Kemp akasaini sheria Ijumaa ya tarehe 18, kodi ya jimbo ikasimamishwa: senti 29.1 kwa galoni ya petroli, 32.6 kwa dizeli. Ilikuwa iishe mwisho wa Mei, akaiongeza mwezi, akaiongeza tena, mpaka Januari 10, 2023. Kodi ya serikali kuu, senti 18.4, ambayo haijaguswa toka 1993, ilibaki palepale. Biden aliomba Juni 2022 nayo isimamishwe miezi mitatu lakini Kongresi haikupitisha. Kwa hiyo tunariviu hizi senti 29 tu.

Hesabu kwenye karatasi inapendeza. Gari langu linakula galoni kama 37 kwa wiki, zidisha senti 29.1, unapata dola 10 na senti 77. Nikasema sawa, hiyo ni lanchi ya siku mbili, sio haba. Nikachukua kidaftari nikakitia kwenye droo ya dashibodi, kila nikijaza naandika tarehe, bei, galoni. Mke wangu akasema nimekuwa mhasibu wa kampuni isiyolipa.

Ijumaa ile ile nikaenda sheli yangu ya siku zote, kibao kinasoma 4.19. Jumamosi 4.19. Jumapili 4.17, yani senti mbili, kama mtu kakurushia chenji ya pipi. Nikaingia ndani nikamuuliza jamaa wa kaunta mbona gavana kasema senti 29, akanijibu bila hata kuinua macho kwamba mafuta yaliyoko chini ya ardhi walishayanunua na kodi yake, anayetaka punguzo asubiri lori lijalo. Nilikasirika lakini baadaye nikaja kuelewa kwamba hakunidanganya. Kodi hii haikatwi pale kwenye mashine unapobana kile kishikio, inalipwa huko juu na msambazaji anayechukua mafuta kwenye maghala makubwa. Sheli inanunua mafuta yakiwa na kodi tayari ndani. Kwa hiyo serikali ikifuta kodi, aliyefutiwa moja kwa moja ni msambazaji, halafu sisi tunasubiri huruma yake, na ya mwenye sheli, na ya jirani yake.

Na hapo kwa jirani ndo pana siri. Kuna makutano karibu na kwangu yana sheli mbili zinazotazamana kama mawifi, moja ikishusha senti tatu asubuhi ya pili inashusha nne kabla ya mchana, pale punguzo lilifika ndani ya siku chache. Ila kuna moja iko peke yake ukitoka barabara ya uwanja wa ndege, watu wanaorudisha magari ya kukodi wote wanajaza pale kwa sababu wana haraka na ndege, ile ilikaa juu wiki nzima na ushee. Kodi ni ile ile iliyofutwa, gavana ni yule yule.

Alhamisi iliyofuata sheli yangu ilifika 3.99. Nikafurahi, senti 20 hizo, nikaandika na alama ya vema. Lakini nikaja kushtuka, mafuta ghafi nayo yalikuwa yameshuka siku chache tu kabla. Brent, ile bei ya mafuta ghafi inayotumika kama kipimo duniani, iligusa karibu dola 139 kwa pipa tarehe 7 Machi na tarehe 15 ilikuwa chini ya 100. Sasa hizo senti 20 nimpe nani, Kemp au soko la dunia? Kidaftari changu hakina jibu, na yeyote anayekwambia “mimi niliona kwa macho yangu bei imeshuka kwa sababu ya kodi” hana jibu pia. Inabidi ulinganishe na majimbo ambayo hayakufuta kodi siku hizohizo. Watafiti wa Penn Wharton, pale chuo kikuu cha Pennsylvania, walifanya hivyo mwaka huohuo wa 2022, wakaona Maryland asilimia 72 ya punguzo iliwafikia wateja, Connecticut kati ya 71 na 87, na sisi Georgia kati ya 58 na 65. Tukawa wa mkiani. Na mara nyingi punguzo halikudumu kipindi chote, linaanza vizuri halafu linayeyuka taratibu.

Kwa hiyo ile dola 10.77 yangu, ukiipiga kwa asilimia 60 hivi, inabaki dola sita na nusu kwa wiki. Kwangu mimi ninayeishi kwenye gari bado ni hela, siwezi kujifanya. Kwa mtu wa kawaida anayejaza galoni 40 kwa mwezi ni kama dola saba kwa mwezi. Nauli ya MARTA, mabasi na treni za hapa jijini, ni dola mbili na nusu, piga mwenyewe, safari mbili na chenji.

Na hao wanaopanda MARTA wenyewe walipata nini? Hakuna. Jirani yangu mmoja, dada wa Bukavu, Kongo, anafanya kazi kiwanda cha kuku, haendeshi, wanachukuliwa na vani saa kumi alfajiri na kila mtu anamlipa dereva nauli ya wiki. Bei ilipopanda nauli ilipanda. Kodi ilipofutwa nauli ikakaa. Akaniambia, “Banasema mafuta ilishuka, mbona miye sione kitu?” Sikuwa na la kumjibu. Wakati huohuo mwenye lile ligari kubwa lenye tenki la galoni 24, anayekwenda nalo kununua maziwa, kila akijaza fulu anasamehewa karibu dola saba. Unavyochoma zaidi ndo unavyosaidiwa zaidi, ndivyo ilivyoundwa.

Waliokua bongo watauliza mbona kwetu haikuwa hivi. Ni kweli, mwaka huohuo 2022 Rais Samia alitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mafuta ya Juni, na tofauti ni kwamba kule kuna EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, bei kikomo inatangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenye sheli akizidisha anatafuta matatizo. Punguzo linaingizwa kwenye hesabu ya bei kikomo yenyewe, mteja analiona asubuhi. Unaweza kulalamika kuhusu mambo mengine yote (na hela ya ruzuku inatoka mfukoni mwetu vilevile) lakini haliishii njiani. Hapa Georgia hakuna anayepanga bei ya juu, gavana anafungua bomba halafu anaomba Mungu maji yafike bondeni.

Kuna kingine watu wanasahau. Hii ya 2022 haikuwa ya kwanza. Mei 2021 wadukuzi walipofanya bomba la Colonial lizimwe, lile linalotuletea mafuta toka Texas, Kemp pia alisimamisha kodi. Nakumbuka vizuri maana nilizunguka sheli sita asubuhi moja na zote vishikio vya mashine vimevalishwa mifuko ya plastiki ya njano, kama maiti hivi. Bei kwenye kibao nzuri tu, haina kodi, mafuta hakuna. Kufuta kodi hakuleti hata tone moja la ziada. Mwaka 2022 ilikuwa hivyo hivyo kwa namna nyingine, viwanda vya kusafisha vilikuwa vinafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, na Juni 14 wastani wa nchi nzima ukafika kilele, dola 5 na kidogo kwa galoni, sisi na likizo yetu tulikuwa tunapanda na wenzetu, tumechelewa ngazi moja tu nyuma. Kama bidhaa ni chache ukimpunguzia mtu bei anaongeza mizunguko, na muuzaji akiona foleni haipungui atashusha ya nini?

Sasa siku ya kurudisha kodi, na hapa ndo napunguza nyota nusu nzima. Kushuka kulichukua siku sita kwa sheli yangu. Kurudi kulichukua usiku mmoja. Januari 10 jioni niliweka nusu tenki kwa uvivu, nikasema nitamalizia kesho, Jumatano asubuhi kibao kimeruka senti 30 kamili, maana kodi yenyewe ilirudi ikiwa imenenepa, 31.2 badala ya 29.1. Hakuna aliyeniambia habari ya mafuta yaliyoko chini ya ardhi siku hiyo! Yale yaliyonunuliwa bila kodi jana yakauzwa na kodi leo. Inashuka kwa ngazi, inapanda kwa lifti. Na sio Georgia tu, mwaka 2000 Illinois na Indiana zilisimamisha kodi ya mauzo ya asilimia 5, wachumi waliofuatilia wakakuta bei ilishuka kama asilimia 3, kodi iliporudi ikapanda kama asilimia 4. Obama alikuwa seneta wa jimbo kule Illinois na aliunga mkono, alipogombea urais 2008 wenzake McCain na Hillary Clinton wakaleta wazo hilohilo, yeye akalikataa na kuliita kiini macho. Alishaionja.

Gharama kwa jimbo ilikuwa zaidi ya dola milioni 150 kila mwezi, jumla kama bilioni 1.7. Hiyo ndo hela ya barabara na madaraja, ila mwaka ule jimbo lilikuwa na ziada likaziba pengo, kwa hiyo mashimo ya mtaani kwangu siwezi kuyasingizia likizo, yalikuwepo kabla. Uchaguzi ulikuwa Novemba 8 na hata Stacey Abrams aliyekuwa akishindana na Kemp alitaka likizo iendelee mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo msianze siasa kwenye komenti.

Ila mwaka huohuo jimbo liliwarudishia watu sehemu ya kodi ya mapato waliyolipa, dola 250 kwa mtu mmoja aliyelipa kodi, mpaka 500 kwa wanandoa. Ile sikuhitaji kidaftari. Iliingia benki, niliiona yote, sheli hawakuonja hata senti. Yule dada wa Bukavu naye alipata yake, akanunua tairi mbili za gari la mdogo wake.

Nyota mbili na nusu basi: mbili kwa sababu dola sita ni dola sita, nusu kwa sababu ilidumu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Je, ningeitumia tena? Nimeshaitumia, Septemba 2023 wakairudisha likizo mpaka Novemba. Rafiki yangu dereva kanipigia usiku, “Kaka wamefuta tena, usijaze leo, subiri siku nne tano, halafu nenda pale zinapotazamana.” Nilikuwa nimeshashika kishikio, galoni 11, kwenye ile sheli ya uwanja wa ndege.