Makabati ya mninga na rangi ya chaki kwa elfu 81: uzoefu wangu hapa Tabora

Jiko letu hapa Isevya lina makabati yaliyochongwa enzi za baba mkwe, fremu mninga mtupu, milango plaiwudi, na yalikua yamechoka kweli, vanishi imekua nyeusi kwa moshi wa mkaa, ukigusa vidole vinanata. Seremala akaja akapima akanambia makabati mapya laki 9 na nusu. Hiyo hela sina, ndo nikaanza kuifatilia hii rangi ya chaki.

Kwa asieijua, ni rangi ya maji yenye unga wa chokaa au jipsamu ndani yake, haing'ai kabisa, ikikauka ukiipapasa ni kama ubao wa darasani. Alieianzisha ni mama wa Uingereza, Annie Sloan, mwaka 1990, na Chalk Paint ni jina la rangi yake. Uzuri wake inashika juu ya vanishi ya zamani bila kukwangua mpaka mbao. Kopo lake lenyewe mimi hapa mjini sijaliona, nikatengeneza ya kwangu: rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa vikombe 3, poda ya jipsamu ile ya mafundi wa dari kikombe 1, maji kikombe 1. Poda unaikoroga kwanza na maji mpaka inakua laini kama uji mwepesi, unachuja kwa kitambaa, ndo unamimina kwenye rangi. Na uchanganye kidogo kidogo jamani! Siku ya kwanza nilichanganya nusu ndoo, shangazi akapiga simu nikatoka nje kuongea nae, narudi imeshaanza kuganda, rangi yote ile nikamwaga, iliniuma sana.

Kazi kubwa wala sio kupaka, ni kuosha. Nilisugua mafuta siku 2 nzima kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikasuuza, nikapitisha msasa kidogo tu kuondoa ule utelezi. Sehemu moja nyuma ya mlango niliruka nikajua haionekani, rangi ikabanduka yenyewe kama ganda la yai.

Sasa mninga. Watu wazima walinikataza, wakasema mninga haupakwi rangi, na kwa fremu nakubali walikua sahihi. Nimepaka rangi ya krimu mkono wa kwanza, asubuhi naamka fremu zote zimetoa madoa mekundu mekundu kama chai imemwagika, mbao yenyewe inatoa rangi yake na rangi ya maji haiwezi kuizuia. Ikabidi nipige sila ya mbao, ile ya kuziba mbao isitoe rangi, mara 2 alafu nirudie krimu juu yake. Ningejua ningeziacha fremu na wekundu wake, nikapaka milango tu, ingependeza zaidi na ingekua rahisi. Milango ya plaiwudi haikunisumbua hata kidogo, mikono 2 ikatosha.

Rangi ya chaki lazima ifunikwe, la sivyo kila tone la mafuta linabaki. Wenzetu huko wanatumia nta, nami nikasema nta ndo tunayo Tabora, nikanunua nusu kilo ya nta ya nyuki kwa mama mmoja wa Sikonge, safi, inanukia asali nyumba nzima. Nikaiyeyusha kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji, nikaitoa nje mbali kabisa na moto ndo nikatia tapentaini, maana ile inashika moto haraka. Ukipaka kwa kitambaa na kusugua, mlango unakua laini kama ngozi, yani kabati la vyombo upande wa dirishani nalipenda mpaka leo. Ila milango ya juu ya jiko, hapana. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, joto la jiko likailainisha, mvuke wa mafuta na vumbi la kiangazi vikaganda humo humo. Nikaanza upya, nikaifuta yote kwa tapentaini kwasababu vanishi haishiki juu ya nta, nikapiga vanishi ya maji mara 3. Usitumie ya mafuta kwenye krimu, itageuka njano. Hiyo ya maji niliagiza Dar ikaja kwa basi, elfu 22, ndo ilikua ghali kuliko vyote ukiacha rangi.

Jumla yote elfu 81, na hapo nimehesabu na ile rangi niliyomwaga. Wiki 3 za mwanzo niliwakataza watoto kuifunga milango kwa nguvu mpaka rangi ikomae, na huu ni mwezi wa 7 tangu nimalize. Mlango wa chini ya sinki ndo umeanza kumenyuka pembeni, maji yanatiririka pale kila siku. Jumamosi naufungua bawaba, naupiga msasa narudia, rangi ya maji imebaki kopo moja, jipsamu ntaichanganya siku hiyo hiyo.