Vidonge vya butireti: elfu themanini na tano na kopo linalonuka

Mnisamehe, naandika nikiwa bado na hasira. Miezi kadhaa nyuma nilimeza antibayotiki mfululizo kwa ajili ya kifua, tumbo likavurugika kabisa: gesi, choo hakieleweki, mafua hayakatiki. Mwenzangu kazini akaniambia nijaribu butireti, ile asidi ya mafuta ambayo bakteria wa tumboni huitengeneza, siku hizi inauzwa kwa vidonge. Nikaenda duka moja la virutubisho hapa Dodoma mjini, nikatoa elfu themanini na tano.

Nafungua kopo nyumbani, vidonge vimegandana bonge, vingi vimepasuka. Harufu iliyotoka! Mume wangu alitoka chumbani akiuliza mtoto gani katapika. Najua butireti inanuka kwa asili yake, ndiyo hiyohiyo inayonuka kwenye siagi iliyochacha. Lakini ndiyo sababu inafungwa ndani ya ganda, na ganda zuri huibeba hadi utumbo mpana inakohitajika. Likipasuka, inafyonzwa huko juu haijafika. Na lile kopo nililichagua mwenyewe kwenye kabati la kioo linalopigwa jua la mchana.

Nikalirudisha. Dada wa kaunta hata hakulishika. "Mama, labda hiyo harufu ni ya tumbo lako." Mbele ya wateja! Akainamia simu yake. Nimesimama na kopo mkononi, kifuniko wazi, na mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasogea pembeni. Risiti sikuwa nimepewa, basi sikuwa na pa kushika.

Vile vizima nikavimeza kwa uchungu wa hela. Na sitasema uongo: wiki ya pili tumbo likatulia. Seli za ukuta wa utumbo mpana hutegemea butireti kwa sehemu kubwa ya nguvu zake, na ukuta ukishiba, vijidudu havipenyi ovyo, kinga haihangaiki bure. Kwa hiyo dawa inafanya kazi.

Au pengine siyo dawa. Siku zilezile mama mkwe alikuja kutoka Mvumi na unga wake wa uwele. Jioni ugali na mlenda, asubuhi kiporo na maharage. Bakteria wa tumboni wakipata nyuzinyuzi na wanga uliopikwa ukapoa, butireti wanaitengeneza wenyewe, tena kulekule utumbo mpana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamefuatwa na watafiti toka nje kwa sababu ya matumbo yao, na chakula chao kina mizizi na ubuyu kwa wingi, hakuna kopo. Mafua nayo yalipungua, ila upepo wa vumbi ulikuwa umeshatulia.

Nilitaka kutoa nyota tatu. Nikikumbuka ile kaunta natoa moja. Vidonge vyenyewe siwezi kuvilaani, kwa sababu sijawahi kuvila vikiwa salama. Ukienda kununua, fungua kopo palepale, nusa, dai risiti hela ikiwa bado mkononi mwako.

Mama mkwe amesharudi kwao na gesi imeanza tena kidogo. Nimemwagiza unga debe moja. Pale dukani sikanyagi, mpaka yule binti aniambie pole.