Daraja langu la nyuzi: ulimi ndio uliogundua kwanza

Nilipong'olewa jino la mbele la juu, sikutaka meno jirani yasagwe ili yavishwe taji, yaani vifuniko, za kushikilia jino bandia. Daktari akanipa njia nyingine, daraja la nyuzi: utepe wa nyuzi za kioo uliolowa resini (plastiki laini inayogandishwa kwa taa), unaobandikwa nyuma ya meno mawili jirani, kisha jino la kompositi, ile resini yenye rangi ya jino ya kuzibia meno, linajengwa juu yake papo hapo. Kikao kimoja, bila sindano, na bila chuma cha kutia kivuli ufizini.

Miaka miwili nilisahau kabisa kwamba lipo. Wa tatu, ulimi ukaanza kukwaruzwa na kitu upande wa nyuma, kama ncha za brashi. Nikapuuza. Miezi michache baadaye, natafuna kitu laini tu, nikasikia "tik". Kompositi imemeguka, nyuzi ziko nje, na gundi imeachia upande mmoja. Jino likawa linacheza kama mlango uliobaki na bawaba moja.

Nilidhani nyuzi zimekatika. Kumbe zilikuwa nzima! Daktari alinieleza kwamba nyuzi hizi huhimili sana mvuto wa kufuata urefu wake, lakini nguvu ikija kwa ubavu, mzigo unaiangukia resini, na resini huchoka. Kila tonge linausogeza ufa kidogo. Kompositi ya juu ikiwa nyembamba hubanduka, mate yanazifikia nyuzi, na maji yanadhoofisha mshikamano wa kioo na resini. Tena mimi husaga meno usiku. Sikuulizwa, nami sikusema.

Kulitengeneza hakukuwa na makuu: kukwaruza kompositi ya zamani, asidi, gundi, kompositi mpya nene zaidi, taa ya buluu. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia mate, maana enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikilowa, gundi haishiki.

Hapo ndipo daraja hili linapopata alama nyingi kwangu. Limeharibika, lakini meno yangu ya asili hayana hata mkwaruzo. Dada yangu ana pini ya nyuzi, kijiti kinachoingizwa ndani ya mzizi wa jino kushikilia taji. Ilichomoka na taji lake, ikabandikwa tena. Pini ya chuma cha pua, ambacho ukakamavu wake ni karibu mara kumi ya dentini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, ingeweza kuupasua mzizi, na mzizi uliopasuka kwa kawaida hung'olewa.

Kwa jino la mbele ningechagua tena daraja hili. Kwa gego, na usagaji wangu huu, hapana. Siku hizi nalala na kinga ya meno, na ukwaruzo wowote nitakaousikia, naenda wiki hiyohiyo.