Inkscape kwa makava ya DVD: uzoefu wangu upande wa picha

Kama unatengeneza makava ya DVD za kwaya, harusi au mahubiri, Inkscape, programu ya kuchora na kupanga kurasa, inakufaa kwa kupanga kava, ila kwa kusafisha picha yenyewe haikufai. Kwa kupanga naipenda kuliko programu zenye violezo vya tayari, kwa sababu inapima kwa milimita na haikufungi kwenye mpangilio wa mtu mwingine. Picha isafishwe kwanza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, ndipo iingie. Zote mbili ni za bure, na zinapatikana kwa Windows na Linux.

Vipimo vya kasha la kawaida la DVD ni upana milimita 273 na kimo 183, yaani nyuma 129.5, mgongo 14, mbele 129.5. Kava likitandazwa, upande wa mbele unakaa kulia, na hapo wengi hukosea. Mimi huongeza milimita 3 kila upande za kukatia, nikapata 279 kwa 189, ambayo bado inaingia kwenye A4 iliyolazwa. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, Inkscape inakubali kurasa nyingi kwenye faili moja, kwa hiyo kava na uso wa diski vinakaa pamoja.

Kazi nyingi huharibika hata kabla programu haijafunguliwa, kwa sababu ya picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Picha yenye pikseli 1,600 kwa upana, ukiitandaza milimita 279, inabaki na nukta 146 hivi kwa inchi. Kwenye skrini utaiona safi, kwenye karatasi kope na herufi za sare zinakuwa ukungu. Lengo ni nukta 300 kwa inchi: kava zima na ziada yake ni pikseli 3,295 kwa 2,232. Mwambie mteja aitume picha kama dokumenti, siyo kama picha. Akikosa kabisa ya asili, iweke mbele tu, na nyuma jaza rangi. Kuikuza GIMP kunaongeza pikseli, hakurudishi kilichopotea.

Ndani ya GIMP nafanya mambo matatu kwa utaratibu huu: nakata kwa uwiano wa eneo litakalojazwa, narekebisha mwanga, kisha nanoa (naongeza ukali wa picha) mwishoni, baada ya kupunguza ukubwa. Ukinoa kabla, ukipunguza ule ukali unapotea au unaacha kingo nyeupe kuzunguka vichwa.

Kwenye mwanga ndipo pa kutulia. Printa ya wino hutoa picha nyeusi zaidi ya unavyoiona kwenye skrini inayong'aa, na ngozi zetu nyeusi ndizo zinazoumia kwanza: shavu, kidevu na shingo vinaungana kuwa doa moja. Marekebisho ya otomatiki hayasaidii, kwa sababu yanatazama picha nzima, na ukuta mweupe wa kanisa nyuma ya waimbaji unayadanganya. Fungua Curves, kifaa cha GIMP chenye mstari wa kurekebisha mwanga, shika mstari kwenye theluthi ya chini, uupandishe kidogo, huku sehemu ya juu ukiibana kwa nukta nyingine isipande, la sivyo gauni la bibi harusi litabaki jeupe tupu bila mikunjo. Halafu chapisha kipande kidogo chenye nyuso mbili tatu kwenye karatasi ileile utakayotumia. Mtu aonekane kama alivyo. Hilo nalihesabu kuwa la lazima kuliko madoido yote ya kava.

Kuiingiza picha Inkscape ni Ctrl+I. Hapo unaulizwa kama picha iunganishwe tu na faili lake au ipachikwe ndani. Wakati wa kazi chagua kuunganisha: ukiirekebisha tena GIMP na kuihifadhi kwa jina lilelile, kava linajisasisha. Lakini ukinakili faili la SVG, yaani faili la kazi la Inkscape, peke yake kwenye flashi na kwenda nalo dukani, picha haitafunguka, utakuta alama ya kiungo kilichokatika. Kabla ya kutoka, pachika picha zote kupitia menyu ya Extensions, sehemu ya Images, au peleka PDF. Faili lililopachikwa huvimba, karibu theluthi moja zaidi ya uzito wa picha.

Usishtuke pia picha ikiingia kubwa mno. Isipofuata nukta zilizoandikwa kwenye faili, Inkscape inaihesabu kwa 96 kwa inchi, hivyo picha uliyoiandaa kwa milimita 120 na nukta 300 inatokea na milimita 375. Funga kufuli la uwiano, andika upana unaotaka, basi.

Kwa uso wa diski, chora duara la milimita 118 na jingine la 22, yalinganishe katikati, kisha menyu ya Path, Difference, upate pete. Ondoa mstari wa pembeni kwanza, maana kwa kawaida kipimo unachoandika huhesabu na unene wake. Kwenye diski za zamani eneo la kuchapika huanzia duara la milimita 46 hadi la 116, hivyo soma pakiti. Kisha kuna ujanja unaookoa muda: usikate picha moja kwa moja. Ichague, bonyeza Ctrl+G iwe kundi la kitu kimoja, weka pete juu yake, chagua vyote viwili, Object, Clip, Set Clip. Sasa ukibofya mara mbili ndani ya kundi unaisogeza picha huku pete imetulia. Utauhitaji, kwa sababu picha ya kwaya karibu kila mara ina mwalimu katikati, na katikati ndipo penye tundu. Isukume picha juu mpaka nyuso zote zikae kwenye nusu ya juu ya pete, chini pabaki kwa jina la albamu.

Kinachonikera ni kivuli na ukungu wa pembeni. PDF haiwezi kubeba madoido hayo yalivyo, kwa hiyo Inkscape inayageuza kuwa picha kwa nukta 96 usipobadilisha. Kama uliweka kivuli kwenye kundi lenye picha na maandishi, vyote viwili vinatoka na ngazi ngazi. Andika 300 kwenye kisanduku cha PDF kabla ya kuhifadhi.

Wakati wa kuchapisha, chagua asilimia 100, siyo kutosheleza ukurasa. Chini ya kava, nje ya eneo la kukata, ninachora mstari wa milimita 100. Ukitoka 97 kwenye rula, hakuna haja ya kushika mkasi.

Kwa printa zenye trei ya diski, programu iliyokuja na printa ndiyo inayojua trei ilipo, kwa hiyo kutoka Inkscape natoa picha ya PNG tu, pikseli 1,417 kwa 1,417 kwa diski ya milimita 120, na kule naiweka kama picha ya nyuma bila kuigusa ukubwa.