DVD ya Party at the Palace: inunuliwe kwa ajili ya gitaa la paani

Hili ni tamasha la 3 Juni 2002 katika bustani ya Jumba la Buckingham, Malkia Elizabeth II alipotimiza miaka 50 ya kutawala. Watu wapatao 12,000 waliingia kwa tiketi za bahati nasibu.

Mwanzo wake pekee unatosha kulipia diski. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, amesimama juu ya paa la jumba akipiga wimbo wa taifa kwa gitaa alilolichonga na baba yake. Tazama mkono wa kulia: anatumia sarafu ya kale ya peni 6, si kipande cha plastiki. Okestra iko chini bustanini, mwenzake wa bendi, Roger Taylor, kwenye ngoma za timpani. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 100 huchelewesha mdundo kwa karibu theluthi ya sekunde. Anayepiga mbali hivyo akifuata sauti ya hewani badala ya ile ya kifaa cha sikioni, ataachwa nyuma.

Katikati panachosha kidogo, ila Ozzy Osbourne, mwimbaji wa muziki wa metali nzito, ndani ya uzio wa kifalme ni kioja cha kuangalia. Unayemtafuta Malkia utangoja sana. Alifika tamasha likielekea ukingoni.

Kabla ya kulipa, soma namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nyuma ya kasha. Uingereza ni kanda ya 2, Afrika Mashariki ya 5. Deki iliyofungwa kanda moja huikataa diski ya nyingine.